Ukurasa wa Mwisho wa Mama Steshenari

Mama Steshenari alisoma kila kitu kuanzia nyuma. Ukimpa kadi ya harusi, anaigeuza kwanza aone imechapwa wapi. Ukimpa mkataba wa kupanga chumba, anaruka kurasa zote anatua kwenye ya mwisho, penye herufi ndogo, na kidole chake kinatembea mstari kwa mstari. "Mbele wanaandika wanachotaka ukione," alikuwa akisema. "Nyuma wanaandika wanachoomba usikione." Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimezoea wanafunzi wanaokimbilia majibu nyuma ya kitabu, kwa hiyo mwanzoni nilimcheka sana. Sasa simcheki, na mkisoma mpaka chini mtajua kwa nini.

Duka lake liko Bariadi, hatua chache kutoka stendi. Mashine mbili za kutolea kopi, moja mgonjwa wa kudumu. Kompyuta moja, mashine ya kulamineti vyeti, na kaunta ya mbao iliyolika ukingo kwa viwiko vya watu wanaosubiri. Zamani alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba, na vidole vyake havikusahau: alipiga kibodi kwa nguvu utafikiri inamdai jibu. Karatasi iliyoharibika hakuitupa. Aliikata vipande vinne, upande mweupe juu, akavitoboa na kuvifunga uzi, na hivyo vijitabu ndivyo tulivyoandikia mchezo wetu.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, hauna ubao. Mnakaa mezani watu watano au sita. Kila mmoja anabuni mtu wake: mchungaji, mwindaji, mke wa mtemi, mwizi wa ng'ombe aliyetubu. Mmoja anakuwa msimulizi, anasema mmefika wapi na mmekutana na nini, nanyi mnajibu mtafanya nini. Kama jambo ni gumu, unarusha dadu yenye pande ishirini, nayo inaamua kama umeruka mto au umeliwa. Basi. Kwa maneno tu mnatembea wiki nzima ya porini na hamjatoka kwenye viti vyenu.

Kitabu cha kanuni kiliachwa dukani kwake na mgeni mmoja aliyewahi kufundisha chuoni, cha Kiingereza, jalada limetoka. Wengine wangefungia maandazi. Mama Steshenari alikifungua nyuma, akakuta leseni. Alikaa nayo siku tatu. Siku ya nne akatuita, mimi na wenzangu wanne tuliokuwa tukimletea mitihani na ripoti za kuchapa, akasema, "Hawa watu wametoa kanuni zao bure. Yeyote atumie, anakili, abadili, atafsiri. Ila majina hawakutoa. Jina la mchezo wao, miji yao, na wanyama wao kadhaa wamejifungia wenyewe. Tuelewane hapo kabla hatujaanza."

Tulielewana kwa mdomo. Jumapili ya tatu baada ya ibada, mwenzetu mmoja, bwana shamba, akaliingiza mezani dude moja la kitabuni lenye jina tamu la kutisha. Mama Steshenari akasimamisha mchezo. Akatoa kalamu nyeusi nene, ile ya kuandikia mabango ya misiba, akaiweka mbele yake. "Futa."

"Mama, nani atakuja Bariadi kutushtaki kwa jina la dude?"

"Hakuna. Ndiyo maana inabidi tujishtaki wenyewe. Futa."

Bwana shamba alifuta kwenye vijitabu vyote sita, uso umemvimba. Badala yake tukaweka lile zimwi la hadithi za bibi zetu, linalomeza kijiji kizima na mifugo yake, ambalo ni la kila mtu. Lilitutisha zaidi, sitaki kusema uongo, kwa sababu tulikuwa tukilijua tangu tunanyonya.

Msifikiri alikuwa malaika wa haki miliki. Mchana kutwa mama huyohuyo alitoa kopi za vitabu vya shule vilivyoandikwa haki zote zimehifadhiwa. Nikamchokoza siku moja, nikamwonyesha maandishi. "Mwalimu," akasema bila kuinua kichwa, "mtoto ana mtihani Jumatatu na shuleni kitabu kimoja wanagombea arobaini. Usinitafutie dhambi mchana huu." Lakini kila kopi aliyotoa aliitolea na ukurasa wa jina la mwandishi, bure, hata kama mteja hakuutaka. Mteja akisema hauhitaji, alimjibu, "Mimi nimeiba shamba, sasa nimfiche na mwenye shamba?" Mimi nilimwambia waziwazi kuwa hiyo hesabu haifungi. Akasema anajua haifungi, nisogee nisiwazibie watu mwanga.

Kama msimulizi hakuwa na mfano. Mwili mfupi, sauti ya chini, miwani imefungwa kwa uzi wa cherehani. Lakini akisema, "Mmefika korongoni, na ng'ombe wamekataa kunywa," tulikuwa tunatazamana. Alitulisha michembe ya viazi vikavu na karanga, na aliyekula wakati mwenzake anapigania roho alikosa zamu. Alichukia ujanja wa dadu. Mimi nilijifanya mtaalamu wa uwezekano, nikamweleza nafasi ya kupata ishirini ni moja kati ya ishirini. "Ahaa," akasema, "na nafasi ya wewe kunyamaza?" Meza nzima ikaanguka kicheko.

Kanuni zilipokaa sawa kwa Kiswahili, akaanza kuijaza dunia yetu ya mchezo watu na mahali. Hapo ndipo nilipomwona mtu mwingine kabisa. Majina mengi alibuni. Lakini alitaka awepo mama mmoja mwenye kisima, mahali ambapo wasafiri waliojeruhiwa hupata maji na kupona, na kwa huyo hakutaka jina la kubuni. Alitaka la bibi mmoja wa kijiji cha Shishiyu aliyewahi kumpa maji na kumlaza kwake, zamani, alipokwama njiani na mvua akiwa na mimba. Nikamwambia, andika tu, bibi mwenyewe hasomi. Alinitazama hata nikatamani kurudisha maneno mdomoni.

Jumamosi akafunga duka, nami nikamsindikiza, zaidi kwa udadisi. Tulishuka basi Nyalikungu, tukanywa chai, tukachukua bodaboda mbili mpaka Shishiyu. Alibeba jogoo na sukari. Bibi tulimkuta anapika uwanjani kwa mavi makavu ya ng'ombe, kuni kule ni za kutafuta kwa tochi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka. Salamu peke yake zilikula nusu saa, mwadila hii, mwadila ile, ng'ombe wazima, watoto wazima. Kisha Mama Steshenari akaomba jina, akieleza mchezo kwa Kisukuma, mpaka dadu akaitoa.

Bibi akaishika dadu, akaigeuza, akasema hapana.

Mimi nilikasirika, njia yote ile! Mama Steshenari aliipanda bodaboda anatabasamu. "Amenikataa," akaniambia. "Basi jina lina mwenyewe. Tutarudi." Tulirudi mara mbili. Ya tatu bibi akakubali, kwa masharti: jina lake lisiuawe mezani, lisifanywe baya, na lisiuzwe. Kuhusu macho, akasema mwenyewe, andika mekundu, lakini andika na moshi. Alijua anachosema. Kwetu huku mwanamke mzee mwenye macho mekundu amekwisha kuuawa kwa mapanga kwa neno la mpiga ramli, na sote tunajua makaburi.

Jioni ile Mama Steshenari alichapa ukurasa wa mwisho wa kitabu chetu. Juu aliandika kuwa kanuni zote ni wazi, kila mtu achukue. Chini aliandika: jina la mama wa kisima limeazimwa kwa mwenyewe, yupo hai, haliuawi, halifanywi baya, haliuzwi; anayelitaka aende kumwomba kwa miguu yake, simu hairuhusiwi. Katikati alichanganya Kisukuma na shukrani, wabeja kwa huyu, wabeja kwa yule, na kwa jogoo.

Sasa kosa langu.

Nilikipenda kile kitabu. Niliona aibu kibaki kimefungwa uzi Bariadi. Likizo moja nikakipanga upya kwenye kompyuta yangu, nikakipandisha kwenye mtandao ambako watu wa michezo hii hupeana kazi zao. Mama Steshenari aliniruhusu, tena kwa furaha. Kulikuwa na sehemu ya kuchagua leseni. Nikachagua ile ya wazi kabisa, tumia, badili, mradi umtaje mwandishi. Na ukurasa wa mwisho nikaufuta. Sikusahau. Niliufuta kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu. Niliona ni wa kijijini mno, majogoo na wabeja na mambo ya kwenda kwa miguu, nikasema watu wa mijini watatucheka. Nilimwonea aibu mtu aliyenizidi kila kitu. Hiyo aibu bado ninayo, ila imehamia kwangu.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja kijana akaja dukani na simu, anataka kuprintiwa kitabu cha mchezo alichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Kizuri, kina picha za rangi. Mama Steshenari akakifungua nyuma, kama kawaida yake. Akakuta leseni, akakuta jina lake yeye limetajwa kama chanzo, kwa heshima zote. Akarudi ukurasa mmoja. Akamkuta mama wa kisima, kwa jina lake kamili, wa Shishiyu, macho mekundu, mchawi anayewatilia wasafiri sumu. Moshi haumo. Atakayemuua anapata alama mia.

Alinipigia simu nikiwa darasani. Hakunisalimia.

"Mwalimu, ukurasa wangu wa mwisho uko wapi?"

Nilisema ukweli, kwa sababu uongo ungekuwa mrefu zaidi. Nikasikia mashine ya kopi ikihema nyuma yake. Kisha akasema, "Funga darasa uje," akakata.

Nikamwambia tuwashtaki waliokibadili, ni wanafunzi watatu wa chuo huko Mwanza, anwani yao imo kitabuni. Akawa tayari ameisoma leseni niliyochagua, mara mbili, na kidole. "Imeandikwa vizuri hii," akasema. "Inasema tumetoa, na tukishatoa haturudishi. Hao watoto hawana kosa. Walipewa kitabu bila mlango, wakaingia." Niliiondoa ile nakala yetu siku hiyohiyo, lakini aliyekwisha kuipakua amekwisha. Ningeshukuru kama angenitukana. Hakunitukana.

Siku ileile tukaenda Shishiyu. Kumbe habari ilitangulia. Vijana wa senta walikuwa na kile kitabu kwenye simu, na bibi akipita kisimani walikuwa wakihesabu alama. Wanacheka. Mchezo tu, wanasema. Lakini jirani mmoja ndama wake alikuwa amekufa wiki ile, na hakuwa akicheka. Mama Steshenari aliingia ndani, akafunga nguo za bibi kwenye kanga, akamkabidhi mtoto wa bibi mbuzi na kuku, akasema, "Mayu, mama yako, anakuja kwangu kunisaidia duka." Hakumwambia mtu yeyote ukweli mwingine. Bibi alilala Bariadi.

Baada ya siku tano Mama Steshenari akampeleka Mwanza. Mimi niliambatana nao kama mbuzi wa kafara. Wale wanafunzi, vijana wawili na binti mmoja, walitupokea chumbani kwao vizuri tu, soda wakanunua, wakifikiri tumekuja kuwapongeza. Walikuwa na heshima: shikamoo bibi, shikamoo mama. Dadu zao zilikuwa mezani, za rangi. Mama Steshenari akamketisha bibi kwenye kiti cha kati, akafungua kile kitabu pale pale penye mchawi, akalisoma jina kwa sauti. Kisha akamgeukia bibi akamtaja kwa jina hilohilo, bibi akaitika.

"Huyu hapa," Mama Steshenari akasema. "Alama mia. Nani anaanza?"

Bibi akauliza kitu kwa Kisukuma; nikatafsiri, sauti ikinitetemeka kwa sababu nililijua jibu. Alikuwa ameuliza, "Kati ya hawa, ni nani ananiua?" Binti alianza kulia. Kijana mmoja, mwenye uso wa upole kabisa, akasema, "Bibi, tulidhani ni jina la kubuni. Hapakuwa na maandishi." Kila mtu chumbani akaangalia soda yake. Mama Steshenari angeweza kuninyooshea kidole. Alisema tu, "Yalikuwepo. Yalipotea njiani."

Walilibadili jina palepale, sisi tukitazama, wakaandika na ombi la kulifuta kwa kila waliyemtumia. Baadhi walitii. Wengine hawakujibu, na nakala zao mpaka leo zipo kwenye simu za watu. Hilo halina dawa na sitajifanya linayo.

Bibi hakurudi kuishi Shishiyu. Alikaa mlangoni pa steshenari, kwenye kiti cha plastiki, akibangua karanga, na hakuna mteja aliyeruhusiwa kutoa kopi kabla ya kumwamkia. Kwa Mama Steshenari wanapikia gesi. Miezi ikapita, na macho ya bibi yakaanza kurudi meupe, taratibu, kama nguo inayolowekwa. Mama Steshenari alikuwa akiwashika wateja mkono: "Hebu mtazame. Unaona? Moshi. Miaka yote ilikuwa moshi." Watu wa Shishiyu waliokuja kuprinti vyeti vyao walitazama, wakaondoka wanafikiri.

Mimi nikahamishiwa Bukundi, huko Meatu. Huko ndiko niliposikia kuwa bibi amefariki, kwa uzee, kitandani, ameshikwa mkono. Msibani sikwenda. Niliwaambia watu barabara ilikuwa imekatika. Barabara ilikuwa nzima. Aliyezaliwa huku anajua kutokwenda msibani ni nini, na mimi nilizaliwa huku.

Miaka minne sikukanyaga dukani kwake. Kiangazi hiki nikaandika haya mliyokwisha kusoma, nikayachapa, nikatafuta jogoo, nikapanda basi. Nilimkuta kaunta ileile. Amepungua. Miwani mipya, uzi wa zamani. Kiti cha plastiki kipo mlangoni, kitupu.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila." Akamtazama jogoo, akanitazama mimi. "Hukuja."

"Sikuja, mama."

"Barabara ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea chenji yake. Nikamwambia nimeandika habari zake, na kwamba nimekuja mwenyewe, kwa miguu yangu, kumwomba anikubalie nilitumie jina lake. Akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Bila shaka alianza nyuma. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa kurudi mbele, na alipofika pale nilipoandika kwamba niliufuta ule ukurasa kwa mkono wangu, kidole chake kikasimama.

"Hili hukulificha."

"Hapana."

"Bibi alikuwa akikuulizia, we ngosha. Alisema yule mwalimu wa kutetemeka yuko wapi." Nilishika ukingo wa kaunta. Nililia, nina mvi na wateja watatu wako nyuma yangu, nikalia. Aliniacha nimalize. Kisha akagonga karatasi kwa kidole.

"Umekuja kuniomba jina, na humu umekwisha kuliandika."

Nilikuwa nimeliandika. Kila mahali. Nilikuwa na uhakika atakubali.

"Bado hujapona," akasema. "Jibu ni hapana."

Akafungua droo, akatoa kalamu nyeusi nene ya mabango, akaiweka mbele yangu. Nikainama pale kaunta nikafuta, ukurasa kwa ukurasa, naye akihesabu kwa sauti ili nisiruke hata moja. Yalikuwa ishirini na tatu, na ndiyo maana humu mnamjua kwa jina la duka tu. Alipomaliza kukagua, akarudi tena mpaka ukurasa wa mwisho, akahakikisha safari hii upo, akampokea jogoo kwa miguu, akaniuliza kama nimekula.